Bi Utepe na Visanduku Vitatu

Bi Utepe alikuwa na kanuni moja kazini, na mteja aliyeshindwa kuikubali alionyeshwa mlango: kipimo kinaandikwa daftarini kama utepe ulivyosema, si kama mwenye mwili anavyotamani.

Aliwahi kuja karani mmoja wa benki, mtu wa kujipenda, akitaka suruali ya kuvaa kwenye harusi ya mdogo wake. Utepe ulipomzunguka kiunoni ulisema inchi thelathini na nane.

"Andika thelathini na nne," karani akasema, amevuta pumzi na kuibana.

"Hiyo pumzi utaiachia lini?"

"Harusi bado miezi miwili, fundi. Nitapungua."

"Ukipungua njoo nikupime tena. Leo una thelathini na nane, na daftari langu linaandika ya leo."

Karani akaondoka amenuna, akaenda kwa fundi mwingine aliyeandika alivyoambiwa. Siku ya harusi alisimama mwanzo hadi mwisho. Viti vilikuwepo tele, lakini hakuthubutu. Habari hiyo ilizunguka mtaa mzima, na tangu hapo mshonaji wetu hakuitwa tena kwa jina alilopewa na wazazi wake. Akawa Bi Utepe.

Watu walidhani ni ukaidi. Haukuwa ukaidi. Kitambaa kikishakatwa kwa kipimo cha uongo, hakuna sindano inayoweza kukirudisha, na hasara haimpati aliyeomba uongo peke yake. Inampata na aliyeuandika.

Alishonea katika chumba cha mbele cha nyumba ya vyumba viwili. Cherehani ya kukanyaga ilikaa dirishani ili mwanga uingie kwa upande wa kushoto. Ukutani palikuwa na misumari mitatu: mmoja wa nguo zilizokwisha, mmoja wa zilizosubiri vifungo, na wa tatu ulikaa mtupu. Huo ulikuwa wa utepe, lakini utepe haukuwahi kutundikwa hapo. Ulikaa shingoni mwake toka asubuhi mpaka anapopanda kitandani, hata sokoni alikwenda nao. Binti yake alipokuwa mdogo aliamini kwamba mama alizaliwa nao.

Alikuwa na kanuni nyingine, lakini hii hakuiandika popote. Miaka kumi na mitano nyuma mumewe, fundi bomba, aliaga kwamba amepata kazi ya miezi mitatu ya kulaza mabomba katika mji ulio mwisho wa njia ya basi. Miezi mitatu ikawa sita, sita ikawa mwaka. Ndipo dereva wa lori lililoleta vitambaa, mtu asiyejua kufunga mdomo, alipomwambia kwamba mumewe ana nyumba kule, mlango wa bluu, nyuma ya kituo cha kusukuma maji, na ndani kuna mwanamke. Bi Utepe alimaliza kwanza pindo alilokuwa nalo mkononi. Kisha akasema, "Mlango huo sitaubisha maisha yangu yote." Hakumfuata, hakumshtaki, hakupokea kutoka kwake hata kifungo. Binti yao alikuwa na miaka mitano.

Mwanamume yule alikosa, na sitatafuta maneno ya kumsafisha. Lakini habari hii si yake.

Binti alikua, akasoma, akafaulu. Siku barua ya chuo ilipofika aliisoma amesimama, akairudia amekaa. Alikuwa amepata nafasi ya kusomea upimaji wa ardhi, miaka mitatu.

"Mama, wewe umepima viuno. Mimi nitapima viwanja."

"Pima, mwanangu. Ila usimwibie mtu hata unyayo mmoja."

Furaha ilidumu mpaka ukurasa wa pili. Ukurasa wa pili ulisema kwamba mwanafunzi aonyeshe katika muda wa wiki tatu jinsi ada itakavyolipwa, la sivyo nafasi yake atapewa anayefuata kwenye orodha. Mama na binti wakakaa kitako wakazipitia njia zote. Akiba ya mama ilitosha godoro, nauli na viatu vya kutembelea porini, ikaishia hapo. Mkopo wa wanafunzi ulitaka wadhamini wawili wenye hati ya mshahara, na katika ukoo wao wote, kuanzia mjomba mwashi hadi mama mdogo muuza mboga, hakuna aliyewahi kuiona hati hiyo. Binti alisema aahirishe mwaka mmoja afanye kazi dukani. Mama akamkumbusha kwamba nafasi haiahirishwi. Barua imesema hivyo. Jirani mmoja alishauri cherehani iuzwe.

"Niuze cherehani nilipe muhula mmoja," Bi Utepe akasema, "halafu mihula mitano iliyobaki nishone kwa meno?"

Ikabaki njia moja. Pamoja na barua ya chuo ilikuja fomu ya mfuko wa ruzuku, unaowalipia ada wanafunzi wasiojiweza. Bi Utepe aliijaza kwa mwandiko wake wa daftari, herufi kubwa zilizosimama wima: kazi, idadi ya watu nyumbani, vyumba, mapato. Hakupunguza wala hakuongeza. Kwenye ukurasa wa tatu kalamu ikasimama.

Pameandikwa *Baba*, na chini yake visanduku vitatu. Yu hai. Amefariki. Hajulikani alipo. Aliye hai ajaze kipato chake mwenyewe na kutia sahihi. Aliyefariki, iletwe barua ya ofisi ya mtaa. Asiyejulikana alipo, mzazi aliyebaki aandike tamko na kutia sahihi.

Wakati huo akaingia msusi, ambaye saluni yake iligusana ukuta na chumba cha Bi Utepe, na ambaye hajawahi kupiga hodi tangu ahamie. Aliinama juu ya bega la mwenzake, akasoma, akacheka.

"Shoga, hilo nalo la kukukunjisha uso? Muue."

"Nani?"

"Huyo bwana. Muue kwa kalamu, hatoki damu. Unaweka alama hapa katikati, unakwenda kwa yule karani wa ofisi ya mtaa, unampa cha kutia mfukoni, anakuandikia barua. Mwenye duka la dawa alimuua wake mwaka juzi, na mtu mwenyewe tulikuwa naye juzi kwenye msiba wa jirani, anakula kwa mikono miwili."

"Mimi siui."

"Haya, usimuue, mpoteze basi! Kisanduku hiki cha tatu. Hajulikani alipo. Hicho hata barua hakitaki."

"Najua alipo."

"Unajua?"

"Nyuma ya kituo cha kusukuma maji. Najua mpaka rangi ya mlango."

Msusi akapiga makofi mara moja, kama mtu aliyekata tamaa na mtoto mzito wa kuelewa. "Miaka kumi na minne hata sabuni hajaleta. Kwa mwanao amekufa na kuoza! Mficha uchi hazai, shoga, na wewe unauficha uchi mbele ya watu wanaotaka kukupa nguo."

Binti alikuwa mlangoni. Alikuwa amesikia yote. Akasema kwa sauti ya chini, "Mama, ni kweli. Kwangu mimi amekufa."

Hapo ndipo mtu mwingine angelegea. Ukimkatalia jirani, utamkuta tena kesho. Lakini ni nani anayeweza kumkatalia mtoto wake mwenyewe jambo ambalo limemtesa mtoto huyo, tena siku ambayo maisha yake yote yananing'inia kwenye kisanduku chenye ukubwa wa kifungo? Bi Utepe alikaa na kalamu mkononi mpaka wino ukaanza kukauka kwenye ncha.

"Kwako amekufa," akasema mwishoni, "na sikulaumu. Lakini hapa hawajauliza kwako. Chini pameandikwa kwamba niliyoyajaza ni kweli, na pana nafasi ya sahihi yangu. Nikiandika uongo hapa, lile daftari nililibebea nini miaka yote?"

"Kwa hiyo nafasi iende?"

"Sijasema iende." Akafunika kalamu. "Kesho napanda basi la kwanza."

Msusi alikaa chini bila kukaribishwa.

Bi Utepe alisafiri na fomu ndani ya bahasha, na bahasha ndani ya mfuko wa kitambaa alioushona mwenyewe. Njia nzima alitayarisha maneno ya kumwambia yule mwanamume. Yalikuwa machache na makali, na aliyapunguza na kuyachonga mpaka yakakaa sawa. Aliteremka kituo cha mwisho, akapita mtambo wa maji uliokuwa ukinguruma nyuma ya wavu wa waya, akaanza kutafuta mlango wa bluu. Haukuwepo. Alipita nyumba sita kwenda na sita kurudi. Mwisho akamuuliza mzee aliyekuwa akirekebisha baiskeli.

"Fundi bomba? Ni hapo, mlango wa kijani."

"Niliambiwa wa bluu."

"Ulikuwa wa bluu zamani, mama. Walishaupaka tena mara mbili."

Miaka kumi na minne alikuwa ameukasirikia mlango ambao haupo.

Akabisha. Aliyefungua ni mwanamke mwembamba, mdogo kwake kwa miaka kama kumi, mikono ina povu la sabuni hadi kwenye viwiko.

"Karibu, dada. Unamtaka nani?"

"Namtafuta fundi bomba."

"Yuko kwenye pampu, anarudi saa nane kula. Nimwambie nani amekuja?"

Hapo Bi Utepe akagundua kwamba maneno yote aliyoyachonga yalikuwa ya mwanamume. Kwa ajili ya mke hakuwa ameandaa hata moja. Basi akasema yaliyokuwepo.

"Mimi ni mama wa binti yake. Ni mke wake wa kwanza."

Yule mwanamke alimtazama toka miguuni hadi kichwani, akarudi tena hadi miguuni. Povu lilimdondoka kwenye kiwiko.

"Mke wake wa kwanza alikufa."

"Nani kasema?"

"Yeye mwenyewe! Aliniambia ni homa. Kwamba mtoto alichukuliwa na bibi yake, na kwamba hapendi kuulizwa kwa sababu inamuuma." Akaegemea mlango. "Dada, mimi nimekuombea. Mwaka wa kwanza wa ndoa sikulala bila kukuombea mapumziko mema."

"Basi maombi yako yamefanya kazi. Nimepumzika, nimefika."

Mwanamke yule akaanza kucheka, kile kicheko cha mtu aliyeshtuka, kisha akajifuta macho kwa mgongo wa mkono na kujipaka sabuni, ikambidi akimbilie maji. Aliporudi alikuwa amevuta kiti.

"Kaa. Hata marehemu anakaribishwa chai."

Kikombe kiliwekwa mezani. Bi Utepe alikitazama bila kukigusa. Alikuwa ameapa asiubishe mlango, na alikuwa ameubisha. Kula na kunywa humo aliona ni kuvuka mpaka wa mwisho. Alieleza kilichomleta, akaonyesha fomu, akaonyesha na visanduku. Mwenzake alisoma taratibu, kidole kikifuata mstari, mpaka akafika kwenye kile cha katikati. Hapo kidole kilikaa.

"Ungeweza kuweka alama hapa."

"Ningeweza."

"Yeye alikuwekea wewe."

Mwanamke akaikunja fomu kwa uangalifu kama kitambaa cha bei. "Sikukuibia, dada. Nataka ulijue hilo. Mimi niliolewa na mjane. Sikuolewa na mume wa mtu."

Ndipo Bi Utepe alipoinua kikombe. Chai ilikuwa imepoa na ilizidi sukari. Alikunywa.

Saa nane kasoro fundi bomba aliingia, buti zimejaa tope, akaanza kusema jambo kuhusu pampu, akasimama na jambo lenyewe mdomoni. Alikuwa amenenepa. Bi Utepe, kwa mazoea ya kazi, alimpa arobaini na mbili.

"Karibu, fundi," mkewe akasema. "Marehemu wako anakusubiri."

Mwanamume alitafuta kiti kwa mkono kama kipofu. "Nilikuwa… nilikuwa nataka siku moja nije."

"Sikuja kwa hilo," Bi Utepe akasema, na yale maneno makali aliyoyabeba toka asubuhi akayaacha yalipo. "Nimeleta fomu. Mwanao amepata chuo."

"Anasomea nini?"

"Upimaji wa ardhi."

Kitu kilipita usoni mwake, na ninaamini kilikuwa fahari, ingawa hakuwa na haki nayo. Alinawa mikono, akaikausha mara mbili, akashika kalamu. Kwenye kipato cha mwezi akaandika tarakimu kwa mikogo. Mkewe, aliyekuwa amesimama nyuma yake, akainama.

"Hizo pesa ziko wapi? Mbona mimi sijawahi kukutana nazo?"

"Mwanangu asije akaona baba yake hana kitu."

"Ataona nafasi imekwenda, wewe! Ukiandika utajiri huo nani atampa ruzuku?"

Akaingia chumba cha ndani, akatoka na hati ya mshahara iliyokuwa imekunjwa mara nne, akaipiga mezani mbele ya mumewe. Mwanamume akamtazama mmoja, akamtazama wa pili.

"Andika kama karatasi inavyosema," Bi Utepe akasema.

Akaikata ile tarakimu, akaandika ya kweli, akatia sahihi pembeni ya mkato na nyingine chini. Alama kwenye kisanduku cha kwanza aliiweka mwisho, mwenyewe, akiibana kalamu sana mpaka karatasi ikaingia shimo dogo. Yu hai.

Aliyemsindikiza mgeni kituoni hakuwa mume. Alikuwa mkewe. Basi lilipokaribia akasema, "Mimi na yeye tutazungumza leo, na hilo usilibebe wewe. Ila mwambie binti ana wadogo zake wawili hapa, wa kiume na wa kike."

"Nitamwambia."

"Na wewe, dada, tafadhali. Usife tena."

Bi Utepe alicheka mpaka kondakta akamwuliza kama anapanda au anabaki.

Nyumbani alimwambia binti yote kama yalivyokuwa, mlango wa kijani, homa, na chai. Binti alisikiliza uso umefungwa. Mama alipofikia habari ya wadogo zake, binti akainua macho. "Wana miaka mingapi?" akauliza.

Fomu ilipelekwa kesho yake. Jibu lilikuja siku ya kumi, wakati Bi Utepe akitia kola kwenye shati la mwalimu mkuu. Binti alifungua bahasha, na mama hakuacha kukanyaga cherehani, kwa sababu aliogopa kwamba akiacha atasikia moyo wake.

"Wamekubali," binti akasema. "Mama, simamisha hiyo mashine! Wamekubali. Robo tatu ya ada, miaka yote mitatu."

"Na robo?"

"Wanasema ningekuwa yatima wangelipa yote. Mwenye baba mwenye mshahara analipiwa robo tatu. Lakini soma hapa nyuma: robo inaweza kulipwa kwa kazi ya chuo, saa kumi kila wiki. Kuna maktaba, kuna jikoni, kuna stoo ya vifaa vya upimaji, kushona mahema na mifuko ya turubai."

"Kushona?"

"Kushona, mama."

Bi Utepe akaondoa mguu kwenye kanyagio. Aliichukua barua akaisoma mwenyewe mpaka kwenye muhuri, akaiweka juu ya shati la mwalimu mkuu, akaegemea kiti na kutoa pumzi ndefu, pumzi ambayo nadhani alikuwa ameibana wiki nzima na pengine zaidi, kama yule karani wa benki. Kisha akauvua utepe shingoni na kuutundika kwenye msumari wa tatu. Binti alimtazama shingo kama anayeiona mara ya kwanza.

Msusi akaingia, bila hodi, kwa sababu kelele za furaha zilipenya ukutani. Alisoma barua yote, na alipofika kwenye robo akatikisa kichwa.

"Si unaona? Ungemuua wangekulipia yote."

"Ningemuua, shoga, kila muhula ingenipasa nimzike upya. Nani ana nguvu hizo?"

Msusi akafikiri, jambo ambalo hakulizoea. Halafu akanyoosha mikono pembeni. "Haya, nipime na mimi. Nataka gauni la kumsindikizia mtoto chuoni. Lakini kiuno, nakuomba…"

"Utepe utasema," Bi Utepe akajibu, akaurudisha shingoni.

Kuandika kisanduku cha kweli kulimgharimu Bi Utepe nauli ya kwenda na kurudi, kiapo cha miaka kumi na minne, na kikombe kimoja cha chai iliyopoa katika nyumba ya mwanamke mwenziye. Binti yake kulimgharimu saa kumi za turubai kila wiki kwa miaka mitatu, na alizilipa zote.